Kabla ya Kuilipa Kampuni ya Chuo Kikuu: Tovuti na Kozi za Kompyuta kwa Watu wa Nkubu

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, miji midogo ya kando ya barabara ya Embu–Meru hujaa vijana wanaosubiri. Barua ya kujiunga na chuo haijafika, kazi ya ndizi Mitunguu au ya kuchuma chai Kionyo haimtoshi kila mtu, na mzazi anaona heri mtoto "afanye pakeji". Vyumba vya pakeji havikosekani mjini: ghorofa ya kwanza, kompyuta kadhaa, bango la Word na Excel dirishani. Ila siku hizi mzazi anasikia pia jina zito zaidi, la kampuni inayomilikiwa na chuo kikuu, inayofundisha kompyuta na papo hapo kuunda tovuti za shule, vyama vya ushirika na hoteli. Bei yake mara nyingi iko juu ya ile ya ghorofani. Mzazi anajiuliza, na katibu wa chama cha kahawa anayetafuta tovuti anajiuliza vilevile: hiyo tofauti ya bei inanunua nini?

Kwa maoni yangu inanunua kitu kimoja cha maana, nacho ni udumifu: ofisi ambayo miaka mitano ijayo utaikuta bado inafanya kazi, hata kama fundi aliyekuhudumia amekwisha kwenda zake. Hainunui shahada. Wala haimaanishi kwamba chuo chenyewe kimekuwekea dhamana. Anayelielewa hilo tangu mwanzo atajua lini alipe zaidi na lini abaki na pesa zake.

Chuo ni kimoja, kampuni ni nyingine

Chuo kikuu nchini Kenya huanzishwa kwa hati ya Rais chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo inayoidhinisha programu zake za shahada. Kampuni husajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015. Hata hisa zote zikiwa za chuo, kampuni ina jina lake, akaunti yake ya benki, wakurugenzi wake na madeni yake. Ikikosa kukutimizia ahadi, utaidai yenyewe, wala si rahisi kumrukia Naibu Chansela umdai yeye.

Kampuni hizi hazikuzuka bila sababu. Katika miaka ya 1990 ruzuku ya serikali kwa vyuo ilibana, na vyuo vikalazimika kujitafutia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisajili kampuni yake, UNES, mwaka 1996; miaka miwili baadaye kikafungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia karo, wale wa Module II. UNES haikuishia kwenye mafunzo na ushauri wa kitaalamu. Imesimamia duka la vitabu, mikahawa, hata hifadhi ya maiti ya Chiromo. Silitaji hilo kwa dhihaka; linaonyesha tu kwamba kampuni ya chuo hufuata palipo na mapato, na umahiri wake katika jambo moja hauthibitishi umahiri wake katika lingine. JKUAT nayo ina JKUATES, kampuni yake ya biashara.

Mfano ulio wazi zaidi kwa mada yetu uko Dar es Salaam. UCC, ambayo Watanzania wengi bado huiita Computing Centre, ni kampuni inayomilikiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa asilimia 100. Ilitokana na kituo cha kompyuta cha chuo hicho, kisha ikafanywa kampuni. Inafundisha kompyuta kuanzia hatua za mwanzo hadi mitandao na uandishi wa programu, inatengeneza tovuti na mifumo ya taasisi, na imefungua matawi nje ya Dar es Salaam. Njia iliyoipitia ni ileile ya kampuni nyingi za aina hii. Chuo kilihitaji mafundi wa kuendesha mfumo wa kusajili wanafunzi wake na kutunza seva zake; mafundi wakakomaa; taasisi za nje zikaanza kubisha hodi. Kwetu Kenya, vyuo vilipata nguvu ya ziada kutoka KENET, mtandao wa elimu ulioanzishwa mwaka 1999 ili taasisi za elimu ya juu zipate intaneti kwa pamoja.

Kwa hiyo mteja anayekwenda kwa kampuni ya namna hii ana haki ya kuuliza swali la kienyeji kabisa: mfumo wa wanafunzi wa chuo chenu mliutengeneza wenyewe au mliununua? Waliotengeneza watakueleza kwa undani, hadi na matatizo waliyoyapata. Walionunua wataanza kuzungukazunguka.

Ukitoka Nkubu, uende wapi

Nkubu imebahatika kukaa katikati ya vyuo. Kaskazini, jirani na Makutano ya Meru, kuna KeMU, chuo cha Kanisa la Methodisti kilichopata hati mwaka 2006. Ukibadilisha gari Meru mjini na kushika barabara ya Maua, utafika Nchiru kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, MUST, kilichokuwa tawi la JKUAT kabla ya kupata hati mwaka 2013. Ukishuka kusini kuna Chuka, kilicholelewa na Egerton na kupata hati mwaka huohuo, halafu Chuo Kikuu cha Embu, kilichotoka mikononi mwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2016. Usizisahau taasisi za kiufundi pia: Meru National Polytechnic na chuo cha Nkabune. Huko kozi za kompyuta si biashara ya pembeni.

Ukifika kwenye mojawapo, usiulize tu "mnafundisha kompyuta?" Uliza ni nani hasa anayefundisha. Huenda ni idara ya kompyuta ya chuo. Huenda ni kitengo cha kozi fupi. Huenda ni kampuni ya chuo. Huenda pia ni mfanyabiashara aliyekodi chumba na kuandika "kwa ushirikiano na chuo" chini ya nembo. Wote wanne wanaweza kukufaa, lakini si kitu kimoja, na cheti cha wa nne hakina uzito wa cheti cha wa kwanza.

Kuthibitisha umiliki wa kampuni hakuhitaji wakili. Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, inapatikana ndani ya eCitizen. Omba hati iitwayo CR12 kwa jina la kampuni, ulipe ada ndogo, nayo itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kama chuo hakimo kati ya wenye hisa, basi neno "kampuni ya chuo" ni maneno ya bango tu. Kwa kozi ya wiki mbili pengine hapana haja ya kufika huko. Kwa tovuti ya hospitali au ya chama cha kuweka na kukopa, ifanye kabla ya mkutano wa kwanza.

Tovuti: shika funguo zako

Malalamiko mengi kuhusu tovuti hayatokani na ubaya wa kurasa. Yanatoka kwa mwenye tovuti kugundua, siku fundi anapohama, kwamba hakuna alichomiliki.

Tuanze na jina. Tovuti ina kikoa, yaani lile jina linaloishia na .ke au .com. Vikoa vya .ke vinasimamiwa na KeNIC, na huuzwa na mawakala walioidhinishwa nayo. Kila mwisho una wenyewe: .co.ke kwa biashara, .or.ke kwa mashirika yasiyo ya faida, .sc.ke kwa shule za msingi na sekondari, .ac.ke kwa vyuo, .go.ke kwa serikali. Tangu mwaka 2017 mtu anaweza pia kuchukua .ke peke yake. Ada ya kikoa ni ya kila mwaka na si kubwa. Kilicho ghali ni kukipoteza, maana jina lisipolipiwa huachiliwa, na barua pepe zote za ofisi zilizotumia jina hilo hunyamaza.

Sharti basi ni kwamba kikoa kisajiliwe kwa jina la shule yako, chama chako au biashara yako, kwa barua pepe unayoifungua wewe. Kampuni iwe fundi tu katika rekodi hiyo. Kwenye tovuti ya KeNIC kuna sehemu ya kutafuta kikoa kuona kimesajiliwa kupitia wakala gani na kitaisha lini. Itumie mara tu unapoambiwa kazi imekamilika. Siwezi kulisisitiza hili vya kutosha. Mtu akikukatalia jambo hili moja, mwache, hata kama nembo yake ni ya chuo gani.

Kisha kuna hostingi, mahali ambapo faili za tovuti zinakaa. Kampuni ya chuo inaweza kuzihifadhi kwenye seva zake yenyewe, na huo unaweza kuwa uzuri wake. Iulize nakala za akiba zinachukuliwa mara ngapi, zinakaa wapi, na umeme ukikatika chuoni nini hutokea. Nakala iliyo kwenye seva ileile inayohifadhi tovuti si ya akiba.

Kuhusu namna ya kuijenga, tovuti nyingi sana za dunia zinaendeshwa kwa WordPress, programu ya bure iliyotoka mwaka 2003. Watu wengine wakisikia ni ya bure hudhani wameibiwa. Hapana, unalipia kazi ya kuipanga, kuiandikia na kuilinda. Kwa shule ya sekondari au hoteli ya hapa mjini ningechagua WordPress kuliko "mfumo wetu wenyewe" wa kampuni yoyote, kwa sababu fundi mwingine yeyote anaweza kuipokea bila kuanza upya. Mfumo wa kuundwa kutoka mwanzo una maana pale tu kazi yenyewe ni ya pekee, mfano hesabu za kilo za kahawa za kila mwanachama. Hapo ndipo kampuni yenye wahandisi wa kudumu inapoishinda ya mtu mmoja.

Ile kufuli ndogo inayoonekana kando ya anwani, inayoonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa, isikuchukulie pesa nyingi. Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti hivyo bure kwa umma tangu Desemba 2015.

Na kazi ni ya nani ikishalipwa? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inampa aliyeagiza kazi hakimiliki yake, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Hilo "isipokuwa" ndilo la kulisoma kwa miwani. Kampuni kubwa huja na mkataba uliochapwa tayari, na ndani yake kifungu kinachorudisha haki kwao. Iambie ikiondoe, au iongeze maneno haya: "Kikoa, faili zote, hifadhidata na nywila za msimamizi ni mali ya mteja, na zitakabidhiwa kwa maandishi siku ya malipo ya mwisho." Malipo nayo yaende kwa awamu: sehemu mwanzoni, sehemu baada ya kuona kurasa zikifanya kazi, sehemu baada ya makabidhiano. Uliza kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 16, na udai risiti ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi. Taasisi ikikosa risiti hiyo, mkaguzi wake atasumbuka. Pesa ziende kwenye akaunti au paybill yenye jina la kampuni. Nambari ya simu ya mtu binafsi, hata awe meneja mwenye kitambulisho shingoni, si mahali pa kulipia.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Ifungue tovuti kwa simu ya bei nafuu, kwa bando la kawaida, ukiwa bondeni Mitunguu na si ofisini kwenye WaiFai. Wengi wa watakaoitazama wanatumia simu ya namna hiyo. Ikichukua muda mrefu kujitokeza, picha ni nzito mno na fundi bado ana kazi.

Picha za wanafunzi

Shule nyingi zinapenda kupamba tovuti kwa nyuso za watoto. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na inazihusu shule za Imenti sawasawa na za Nairobi. Tafuteni ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na mzazi akibadili nia picha iondolewe.

Biashara ndogo yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 haitakiwi kujisajili na Afisi hiyo, lakini shule, zahanati na taasisi za fedha hazipati msamaha huo kwa sababu ya udogo. Kampuni inayokutengenezea tovuti yenye fomu za wagonjwa au za wanachama ni mchakataji wa data zako. Iombe cheti chake cha usajili na uandike katika mkataba nani atawajibika taarifa zikivuja.

Kozi: tazama sahihi kwenye cheti

Mzazi anapoambiwa mtoto atapata "cheti cha chuo kikuu", aombe kuona sampuli. Aangalie juu kimeandikwa jina gani na chini kimetiwa sahihi na nani. Sahihi ya msajili wa masomo wa chuo na sahihi ya meneja wa kampuni ni mambo mawili. Cheti cha kampuni ni ushahidi kwamba kijana alihudhuria na kufundishwa, na waajiri wengi wataridhika nacho kwa kazi za ofisini, lakini hakimpunguzii hata somo moja atakapojiunga na shahada, isipokuwa chuo kiwe kimeahidi hivyo kwa maandishi. Anayelenga stashahada ya ufundi aulize kuhusu leseni ya TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na mtihani unatoka baraza gani, KNEC au CDACC.

Kuna mkanganyiko mwingine unaogharimu watu pesa. Vyuo vingi ni vituo vya Cisco Networking Academy, na ukimaliza masomo hupewa cheti cha kuhitimu kozi. Hicho si CCNA, cheti cha kitaalamu cha Cisco yenyewe. CCNA ni mtihani wa pekee, unaolipiwa kivyake na kufanywa kupitia Pearson VUE. Uliza kama ada uliyotajiwa imejumuisha mtihani huo. Mara nyingi haijajumuisha.

Ubora wa kozi ya kompyuta hauonekani kwenye brosha, unaonekana darasani. Nenda siku ya kazi, saa ya kipindi, ukatazame. Kila mwanafunzi ana mashine yake au wanakaa wawiliwawili? Mwalimu anazunguka au anasoma slaidi? Intaneti inafika? Kwa kozi ya kutengeneza tovuti, uliza mwanafunzi atatoka na kazi gani mkononi. Mpangilio wenye akili huanza na HTML na CSS, ukaja JavaScript, kisha lugha ya upande wa seva kama PHP au Python pamoja na hifadhidata, na njiani kijana azoee Git, chombo cha kutunza matoleo ya kazi yake. Anayeahidi kuyafikisha yote hayo hadi umahiri kwa miezi mitatu anauza ndoto. Miezi mitatu inatosha kijana kutengeneza tovuti ya duka la dawa la shangazi yake, ikafanya kazi. Huo ni mwanzo mzuri sana, nami ningemlipia mtoto wangu kwa ajili ya huo.

Maandishi yenyewe ya masomo yanapatikana bure: tovuti za freeCodeCamp na MDN zina kila kitu kuhusu HTML na JavaScript, na mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza mwaka 2016, hufundisha kazi za mtandaoni bila ada. Kwa hiyo ada unayoitoa kwa kampuni ya chuo ni ya mwalimu wa kukusahihisha, mashine isiyokwama, na wenzako wa kushindana nao. Kama moja ya hayo matatu halipo, kijana mwenye simu nzuri na kompyuta ya kuazima anaweza kufika mbali peke yake, mradi awe na nidhamu.

Mwajiri anayetaka kuwafunza wafanyakazi, tuseme kiwanda cha chai au chama cha akiba, akumbuke kwamba tayari analipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, kwa masharti mawili: mkufunzi awe amesajiliwa na NITA, na maombi yapelekwe kabla ya mafunzo kuanza. Kampuni ya chuo isiyo na usajili huo inakukosesha marejesho hayo.

Nani asihangaike

Mwenye saluni, fundi wa nguo au muuza vipuri wa stendi ya Nkubu hahitaji mkataba na kampuni ya chuo kikuu. Akaunti ya WhatsApp Business na kuonekana kwenye ramani ya Google vitamletea wateja zaidi, bila malipo. Akiona anataka tovuti ya ukurasa mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa MUST au Chuka anayetafuta kazi ya likizo ataifanya vizuri, mradi kikoa kiwe kwa jina la mwenye duka.

Aliyefanya biashara na kampuni yoyote na mambo yakaharibika, aanze kwa barua ya madai yenye tarehe na muda wa kujibu, nakala yake akipelekee chuo kama mwenye hisa. Vyuo haviwajibiki moja kwa moja, lakini havipendi jina lao lichafuke, na mara nyingi barua hiyo pekee hutosha. Mgogoro wa kikoa cha .ke upelekwe KeNIC, yenye utaratibu wake wa kusuluhisha. Deni lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu anaweza kujitetea bila wakili na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Masjala ya Mahakama ya Nkubu itakuelekeza ilipo iliyo karibu nawe. Nenda na mkataba, risiti na ujumbe wa M-Pesa uliochapishwa, kwa sababu hakimu hatafungua simu yako kuutafuta.